Chujio na Dhamiri

Maji hayana desturi ya kusema yaliyomo ndani yake. Maziwa yakiharibika huchacha, nyama ikioza hunuka, na tunda bovu hubadili rangi. Lakini maji yaweza kung'aa kama kioo na huku yamebeba maradhi yatakayoonekana baada ya miaka kumi. Kwa sababu hiyo mwanadamu, katika habari ya maji, hana budi kumwamini mwenziwe. Mnywaji humwamini mchotaji, mchotaji humwamini mchimbaji, na siku hizi wote humwamini mtaalamu aliyepima na kuchuja. Insha hii yauliza swali moja juu ya imani hiyo. Mtu aliyetengeneza chujio lililo bora kuliko yaliyotangulia, lakini ambaye bado hajayajua madhara yake yote, je, ni halali kwake kumpa mwenye kiu? Na akimpa, anadaiwa nini?

Nilianza kuliwaza swali hili kabla ya kujua kwamba ni swali. Bibi yangu aliishi magharibi ya Dodoma, katika nchi ya Ugogo, mahali ambapo wakati wa kiangazi mto si maji bali ni njia ya mchanga. Alikuwa akinichukua korongoni asubuhi, akachimba kwa mikono na kipande cha kibuyu mpaka mchanga ulipoanza kulowana. Maji ya kwanza aliyamwaga. Ya pili aliyaacha yatulie. Ya tatu aliyachota taratibu, akayapitisha katika kitambaa, akanywa yeye, akakaa kimya kitambo kidogo, ndipo akanipa mimi. Siku moja nilimwuliza, "Bibi, mbona wanywa wewe kwanza, na mwenye kiu ni mimi?" Akajibu, "Mjukuu wangu, maji haya nimeyachimba mimi." Wakati ule niliona kuwa jibu hilo halikujibu kitu. Leo naona kuwa lilijibu mengi.

Nchi ya uwanda wa kati haina mchezo na maji. Mvua ya Dodoma ni kiasi cha milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, nayo huja kwa msimu mmoja tu, tangu Desemba hadi Aprili. Uamuzi wa kuufanya mji huu kuwa makao makuu ya nchi ulitolewa mwaka 1973, na tangu mwaka 2016 serikali imehamia huko kwa kasi. Lakini watu hao wote wapya, kama wenyeji waliowatangulia, wametegemea sana maji yaliyolala chini ya ardhi ya Makutupora, kaskazini ya mji. Vina vya maji ya visima vya Makutupora vimepimwa tangu miaka ya 1950. Mwaka 2013 wataalamu walichapisha kumbukumbu ya miaka 55 ya vipimo hivyo, nayo ilionyesha jambo la kutafakari: maji yale hayajazwi kila mwaka kidogo kidogo kama mtu awekavyo akiba. Hujazwa katika misimu michache tu ya mvua kubwa isiyo ya kawaida, na mkubwa kuliko yote ulikuwa wa El Niño ya mwaka 1997 na 1998. Katika miaka mingine mji hunywa urithi.

Tena urithi wenyewe hauji mtupu. Maji yanayokaa muda mrefu katika miamba huyeyusha chumvi za miamba hiyo. Katika sehemu nyingi za kati na kaskazini ya Tanzania, kama vile Singida, Shinyanga na Arusha, maji ya visima huwa na floridi nyingi, ambayo hudoa meno ya watoto na, ikizidi kwa miaka mingi, hupinda mifupa. Katika maji ya chini ya Dodoma, uchunguzi uliochapishwa mwaka 1996 ulieleza habari ya nitrati nyingi na kuihusisha na maji machafu ya vyoo yanayozama ardhini. Nitrati ikizidi humdhuru mtoto mchanga kwa kuizuia damu yake isichukue hewa vizuri. Na hapa ndipo hekima ya zamani inapofikia mpaka wake. Kuchemsha maji, ambako tumefundishwa sote na ambako huua vijidudu kwa hakika, hakuondoi floridi wala nitrati. Kwa kuwa maji hupungua kwa mvuke na chumvi hubaki, kuchemsha huzidisha ukali wake. Mama anayechemsha maji ya namna hiyo kwa uangalifu mwingi hutenda wema ambao haufiki alikoutuma.

Basi elimu imekuja na chujio jipya. Msingi wake ni utando wa polima, yaani kitu cha jamii ya plastiki kilichofanywa kuwa chembamba na chenye vitundu visivyoonekana kwa macho. Utengenezaji wa utando wa namna hii si mgumu kuueleza. Polima, mathalan polisalfoni, huyeyushwa katika kiyeyusho. Hupakwa juu ya kioo kama mtu apakavyo uji. Kisha kioo hutumbukizwa katika maji. Kiyeyusho hukimbilia nje, maji huingia mahali pake, na polima hugandamana ghafula ikiacha vitundu. Juu huwa na ngozi nyembamba yenye vitundu vidogo sana, na chini huwa na mwili mpana wa kuitegemeza ngozi hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan, katika Chuo Kikuu cha California huko Los Angeles, walifanya utando wa selulosi asetati wenye ngozi ya namna hiyo, ulioweza kuyatenga maji na chumvi kwa kuyasukuma kwa nguvu. Mwaka 1965 kazi yao ilitumiwa kuwapa maji ya kunywa watu wa Coalinga, mji mdogo mkavu ulio mbali na bahari, wenye maji ya chini ya chumvi. Mtu wa Dodoma akisikia habari za mji huo hatauona kuwa mgeni kabisa.

Lakini utando una kasoro mbili. Ya kwanza ni ubishi wa vitundu. Vikiwa vipana, maji hupita mengi na uchafu hupita pamoja nayo. Vikiwa vyembamba, uchafu huzuiwa, na maji huzuiwa pia, hata mashine hutaka umeme mwingi wa kuyasukuma. Utando unaozuia bakteria, ambao upana wao ni kama nanomita 1,000, na hata virusi, ambao ni wadogo zaidi, hauwezi kuzuia chembe ya nitrati iliyoyeyuka, ambayo haifiki nanomita moja. Nanomita ni sehemu moja katika milioni ya milimita. Kasoro ya pili ni kuziba. Polima nyingi zenye nguvu hazipendi maji, bali hupenda mafuta na mabaki ya mimea na wanyama. Hivyo uchafu hugandama juu yake kama masizi katika chungu, na chujio huchoka mapema.

Ili kutibu kasoro hizo wataalamu wametia ndani ya polima chembe za vitu vingine, ndogo sana, zinazopimwa kwa nanomita: oksidi ya titani, oksidi ya grafini, zeolaiti, fedha, na nyinginezo. Nyingine huufanya utando upende maji, nyingine hufungua njia za kupitisha maji upesi, na fedha huua bakteria wanaotaka kujenga nyumba juu yake. Mwaka 2007 watafiti wa California walieleza jinsi zeolaiti ilivyotiwa ndani ya ngozi ya poliamidi na kuzidisha upitaji wa maji pasipo kuharibu uzuiaji wa chumvi. Tangu hapo majaribio yamekuwa mengi sana.

Hata hivyo, chembe hizi hazikai kwa amani zikitiwa hivi hivi. Hupendana zenyewe kuliko zinavyoipenda polima, zikajikusanya katika mabonge. Na bonge ndani ya utando ni kama jiwe ndani ya ukuta wa udongo: pembeni yake huacha ufa. Kwa hiyo hapana budi kuzibadili kwanza, kwa kuzivika juu yake kemikali au nyuzi fupi za polima zitakazozipatanisha na mwili unaozipokea. Na hata zikivikwa, kiasi chake lazima kiwe kidogo, aghalabu sehemu chache tu katika mia au pungufu ya hapo. Zikizidi, faida hugeuka hasara. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Chembe isiyobadilishwa huingia ikamwumiza mwenyeji wake.

Mpaka hapa jambo ni la ufundi. Linakuwa la dhamiri tunapouliza: je, mgeni huyo atakaa? Chembe iliyofungwa katika polima yaweza kufunguka baada ya miezi au miaka ya kupitiwa na maji, na kusafishwa, na kukaushwa na jua. Fedha hufanya kazi yake kwa kuachilia sehemu yake kidogo kidogo katika maji. Hivyo uwezo wa kuua bakteria na uwezo wa kutoroka ni jambo moja lenye nyuso mbili. Majaribio ya maabara mara nyingi huchukua saa au siku kadhaa, na mara nyingi maji yanayojaribiwa ni maji safi yaliyotiwa uchafu wa aina moja, kama vile protini ya damu ya ng'ombe. Maji ya korongo hayana uchafu wa aina moja. Mna udongo, majani, samadi, chumvi, na mengine yasiyo na jina. Anayelipeleka chujio kutoka maabara hadi kijijini amevuka umbali mkubwa kuliko ule unaopimwa kwa maili. Usilolijua ni usiku wa giza, nasi hapa twamwongoza mtu mwingine katika usiku huo.

Kuna watu wenye hekima wasemao: asitoe mtu dawa mpaka aijue yote. Neno hili lina heshima yake. Lakini tulitazame vizuri. Mtoto wa kijiji kilicho mbali na bomba hatakaa bila kunywa mpaka uchunguzi ukamilike. Jioni hii atakunywa maji ya dimbwi, na kesho pia. Anayekataa kumpa chujio kwa kuogopa madhara yasiyojulikana amemwacha na madhara yanayojulikana. Mikono yake ni safi, lakini usafi huo umelipiwa na mtoto. Kutotenda nako ni kutenda, wala mtu hawezi kujificha nyuma ya kutokujua kwake wakati analojua latosha kumlaumu.

Wako wengine wasemao: toa cho chote kinachopunguza madhara, hesabu ndiyo hakimu; wakiokoka mia na kuumia mmoja, kazi imekuwa njema. Neno hili nalo lina nguvu, na serikali haziwezi kuishi pasipo hesabu. Lakini lina hatari moja. Anayepiga hesabu huwa hayumo katika hesabu. Huyu yu mezani, maji yake ya kunywa yamo katika chupa. Yule mmoja yu mbali, wala hakuulizwa. Ni rahisi mno kuona kuwa hasara ni ndogo ikiwa mwenye kuibeba ni mtu mwingine.

Historia ya nchi yetu ina mfano wa jambo hili. Mwaka 1974 Tanzania iliweka kiwango cha muda cha floridi katika maji ya vijijini, nacho kilikuwa miligramu 8 kwa lita. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5. Je, wataalamu wetu walikuwa wakatili? Sidhani. Kama wangelishika kipimo cha ulimwengu, wangelifunga visima vingi na kuwarudisha watu kwenye madimbwi ya kipindupindu na kuhara. Walichagua dhara la polepole badala ya dhara la haraka. Baadaye kiwango kilishushwa hadi 4, na hatimaye kikalinganishwa na kile cha 1.5. Kilichokifanya kiwango kile kisiwe uongo ni neno moja dogo: cha muda. Neno hilo lilikiri kwamba jambo halijaisha. Lakini kijiji ambacho hakikuambiwa neno hilo, kikaambiwa tu kwamba maji ni salama, kilidhulumiwa. Na mzee aliyezeeka huku "muda" ule haujaisha alikuwa na haki ya kuuliza ulikuwa muda wa nani.

Kwa mfano huu nadhani swali letu laweza kujibiwa. Ndiyo, ni halali kutoa chujio lisilokamilika. Lakini anayelitoa huingia deni, na deni hilo lina sehemu nne.

Ya kwanza ni kusema kweli. Chujio linalozuia bakteria na kuacha nitrati lisiitwe chujio la maji safi. Liitwe kwa kazi yake: hili huzuia vijidudu, wala haliondoi chumvi. Watu wasiosoma si watu wasioelewa. Mfugaji wa Ugogo ajuaye tofauti ya malisho ya kila bonde hashindwi kuelewa kwamba chujio moja hukamata hiki na kuacha kile. Anayeficha upungufu wa chombo chake kwa kisingizio cha ujinga wa wanakijiji, ameufanya ujinga huo kuwa mtaji wake.

Ya pili ni deni la jirani. Utando wa kuondoa chumvi hauiangamizi chumvi, huitenga tu. Upande mmoja hutoka maji matamu, na upande wa pili hutoka maji machache yenye chumvi yote iliyokusanywa. Miji ya pwani huyamwaga baharini. Je, uwanda wa kati utayamwaga wapi? Mto Bubu huishia katika mbuga ya Bahi, na maji ya bonde hilo hayana njia ya kwenda baharini. Hutoka kwa kupanda juu kwa mvuke, na chumvi hubaki. Mtu akimwaga makali yake shimoni nyuma ya nyumba, amelisafisha birika lake kwa kukichafua kisima cha jirani, na pengine kisima cha mjukuu wake mwenyewe. Usafi unaohamisha uchafu bila kuutaja haustahili kuitwa usafi.

Ya tatu ni deni la kurudi. Chujio huzeeka. Mtoaji akikabidhi chombo, akapigwa picha, akaondoka, ameacha kitu ambacho baada ya mwaka mmoja kitawapa watu imani isiyo na msingi. Na imani hiyo ni mbaya kuliko hofu, kwa kuwa mwenye hofu huchemsha maji yake. Hapa twaweza kumtaja kwa heshima Dakta Askwar Hilonga, mhandisi wa kemikali mzaliwa wa Karatu na mwalimu wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, ambaye mwaka 2015 alipata tuzo ya kwanza ya Afrika ya Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, pauni 25,000. Chujio lake halikuanza na utando wa fahari. Lilianza na mchanga, kama wa korongo la bibi yangu, ukaongezwa vitu vya nano vilivyochaguliwa baada ya kupima maji ya mahali hapo na kujua yana ubaya gani. Kisha machujio hayo hukodishwa kwa watu wanaouza maji safi katika vibanda vya mtaani. Mengi yaweza kujadiliwa juu ya kuuza maji. Lakini mpango huu una jambo moja la kusifiwa: muuza maji yupo. Kesho mnywaji ajua pa kumpata. Tena chujio limefanywa kwa kufuata maji, maji hayakulazimishwa kufuata chujio.

Ya nne, ambayo naiona kuwa ni msingi wa zote, ni kushiriki. Simaanishi kwamba kila mtaalamu ahamie kijijini. Namaanisha kwamba hukumu juu ya hatari isitolewe na watu wasioionja. Kama chujio ni zuri kiasi cha kupewa watoto wa Bahi, litiwe pia katika nyumba ya aliyelitengeneza. Na kama yeye asingekubali mwanawe alinywee kwa miaka mitano, awaambie watu wa Bahi sababu zake, halafu wachague wenyewe. Mtu akiwa ndani ya hesabu yake mwenyewe, hesabu huwa na adabu.

Yamkini msomaji atauliza kama masharti haya hayatauzuia ugunduzi. Ugunduzi unaozuiwa na ukweli haukuwa tayari kutoka nyumbani. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007 juu ya vilima vya uwanda huu, wana bahati ambayo wanafunzi wa miji yenye mito hawana: maji magumu wanayotaka kuyatibu yako chini ya miguu yao. Hawana haja ya kutia uchafu wa kuiga katika maji safi. Washuke korongoni, wachote, wapime mwaka hata mwaka, na wayaandike pia yale yasiyofaulu, maana chujio lililoshindwa kwa maji ya kweli hufundisha zaidi kuliko lililofaulu kwa maji ya kuazima.

Bibi yangu hakujua nanomita wala polima. Mchanga wake uliacha mengi yapite, na huenda mengine yaliyopita yalitudhuru sote wawili. Chujio lake lilikuwa duni kuliko yote niliyoyataja. Lakini sehemu ya deni ambayo ni ngumu kulipa kuliko zote aliilipa kila asubuhi bila kuambiwa na mtu. Kila nisomapo habari ya utando mpya uliopitisha maji mengi zaidi na kuzuia uchafu zaidi, hufurahi. Kisha huuliza kama aliyeuchimba maji yake amekwisha kuyanywa.